Uzi maalum: PHP inakubali kwenye laptopu inagoma kwenye seva, leta logi yako hapa

Fundi Logi (mtoa mada):

Wakuu habari za saa hizi. Kila nikipita humu nakuta uzi mpya wa "sistimu yangu haifunguki, msaada tafadhali", mtu hajasema anatumia Windows au Linux, hajasema PHP (lugha ya kuandikia tovuti) toleo gani, kaweka picha aliyoipiga kwa simu na meseji yenyewe imekatwa katikati, halafu wachangiaji wanaanza kupiga ramli: futa XAMPP (kifurushi chenye Apache ya kuhudumia tovuti, PHP, na MySQL ya databesi) uweke upya, badili brauza, zima antivairasi, weka 777 (ruhusa ya yeyote kuandika) kila mahali. Mwisho jamaa anafuta kila kitu na databesi inaondoka nayo. Sasa huu uwe uzi wa kudumu, mwenye tatizo la kuwasha PHP kwenye mashine yake au kupandisha kwenye seva alete hapa, ila kwa sharti moja, aje na mstari wa logi, yaani faili ambamo programu inaandika makosa yake. Bila logi sijibu, na nawaomba wenye uzoefu wenzangu nao wakaze.

Logi ziko wapi? Kwenye XAMPP ya Windows Apache anaandika C:\xampp\apache\logs\error.log, MySQL anaandika C:\xampp\mysql\data\mysql_error.log, na kama hutaki kutafuta, kwenye kontroo paneli kuna kitufe cha Logs mbele ya kila huduma, bofya tu. Ubuntu yenye Apache ni /var/log/apache2/error.log, yenye Nginx (mwenzake Apache) ni /var/log/nginx/error.log. Hostingi za cPanel (paneli ya kusimamia tovuti kwenye seva ya kukodi) angalia faili linaitwa error_log ndani ya folda ileile ya skripti iliyogoma, au ingia Metrics ubofye Errors. Laravel (fremuwaki ya PHP) ana lake, storage/logs/laravel.log. Shuka mpaka chini kabisa, ya sasa hivi iko mwishoni.

Na kabla hujaniambia "mbona nimeweka ini_set('display_errors', 1) juu kabisa na bado ukurasa mweupe": kama umesahau nukta mkato au mabano ndani ya faili hilohilo, PHP inashindwa kulisoma lote na hailiendeshi kabisa, kwa hiyo huo mstari wako wa ini_set nao haujafikiwa. Fungua terminali andika php -l halafu jina la faili, itakutajia mstari uliokosewa.

Karibuni.

Kiberiti:

Mkuu naanza mimi. Apache inakataa kuwaka, inasema hivi: Port 80 in use by "Unable to open process" with PID 4! Nimeshatoa XAMPP nikaweka tena bado ileile. Wiki iliyopita ilikuwa inapiga kazi fresh.

Fundi Logi:

Safi, umekuja na mstari. PID 4 ni Windows yenyewe, maana yake kuna huduma ya Windows imeshika poti 80, mlango ambao Apache anapokelea maombi ya tovuti. Mara nyingi ni IIS (seva ya tovuti ya Windows), fungua services.msc tafuta World Wide Web Publishing Service, isimamishe uiweke Manual. Kama haipo angalia Reporting Services ya SQL Server, wengi waliiweka kwa ajili ya somo la chuo wakaisahau humo. Kutoa XAMPP hakukusaidia kitu kwa sababu aliyeshika poti sio XAMPP.

Kama hutaki kugusa huduma za Windows, hamisha Apache. Kwenye httpd.conf badili Listen 80 iwe Listen 8080, na ServerName localhost:80 iwe localhost:8080, washa, halafu ingia kwa http://localhost:8080/. Ikilalamikia 443 nayo, hiyo iko kwenye httpd-ssl.conf.

Kiberiti:

Ilikuwa IIS kweli, imewaka. Sasa mbona nikidabo kliki index.php naona maandishi ya PHP yenyewe sio ukurasa?

Mpita Njia:

Hahaha angalia kwenye anwani juu, kama inaanza na file:/// basi Apache hajashirikishwa kabisa, brauza imelifungua faili kama maandishi mengine yoyote. Weka folda yako ndani ya htdocs uingie kwa localhost/jina-la-folda.

Nuru:

Jamani mimi naomba haraka, nina kazi ya mteja. Umeme ulikatika nikiwa kazini na betri ya laptopu yangu ni ya urembo tu, uliporudi MySQL haiwaki, kontroo paneli inaandika Error: MySQL shutdown unexpectedly. Kwenye mysql_error.log mwishoni kuna mistari ya InnoDB na Aria (sehemu za MySQL zinazohifadhi meza) inalalamika kuhusu aria_log_control. Databesi ya mteja iko humo na bekapu ni ya zamani sana.

Bingwa wa Njia Fupi:

Rahisi hiyo, ingia mysql\data futa ibdata1 na ib_logfile zote, washa, itawaka yenyewe. Nimefanya mara kibao.

Fundi Logi:

Nuru usifute kitu! Usifute chochote kwenye hiyo folda!

Bingwa, itawaka ndiyo, na phpMyAdmin (ukurasa wa kutazama databesi) itamwonyesha majina ya meza zote zimepangana vizuri, akibofya moja anakutana na #1932 Table doesn't exist in engine. MariaDB iliyomo ndani ya XAMPP (ndiyo hiyo kontroo paneli inaiita MySQL) inaweka orodha kuu ya meza za InnoDB ndani ya ibdata1, mafaili ya .ibd yaliyomo kwenye folda ya databesi peke yake hayatoshi. Kwako ilipona kwa sababu labda hukuwa na cha kupoteza.

Nuru fanya hivi taratibu. Zima kila kitu kwenye kontroo paneli. Kopi folda nzima ya C:\xampp\mysql\data uiweke pembeni, desktopu au kwenye flashi, hiyo ndiyo bima yako. Halafu ile data ya mwanzo ibadilishe jina iwe data_old. Humohumo ndani ya mysql utaona folda inaitwa backup, ikopi, kopi yake uiite data. Sasa rudi data_old, chukua folda za databesi zako tu uzipeleke kwenye data mpya, usichukue zile zinazoitwa mysql, performance_schema na phpmyadmin. Mwisho chukua ibdata1 ya data_old uiweke juu ya ile ya data mpya, ikuulize kama ibadilishe, kubali. Washa MySQL.

Nuru:

Imewaka!!! Meza zinafunguka. Mikono inatetemeka bado.

Fundi Logi:

Poa, ila usiendelee na kazi ya mteja kwanza. Fungua terminali nenda C:\xampp\mysql\bin, piga mysqldump -u root jina_la_databesi > C:\bekapu.sql (kama C inakukatalia ruhusa weka D au desktopu), ulifungue hilo faili uhakikishe data ziko ndani, halitakiwi kuwa tupu. Hapo kilichopona kimepona kwa kuungaunga, kesho kinaweza kugoma tena. Ukishapata dump (hilo faili la .sql), weka XAMPP safi uingize upya. Na mteja asiishi kwenye laptopu yako jamani, hivi tunakubalianaje kuendesha ofisi ya mtu juu ya XAMPP, hata waliotengeneza XAMPP wanasema ni ya kutengenezea sio ya kuhudumia watu, rooti haina paswedi kabisa!

Kontena Boy:

Ndio maana mimi nawaambia kila siku hamieni Docker (kila programu ndani ya kontena lake), haya mambo ya poti na data kuharibika yanaisha.

Fundi Logi:

Docker ni nzuri siipingi, lakini mtu ana laptopu ya RAM 4GB, Windows peke yake imekula nusu, na kila imeji unaivuta kwa bando la kununua. Mwenye mashine ya maana atumie, itamwepusha na mengi tunayoyaona hapa. Asiye nayo XAMPP inamtosha, ilimradi ajue kuwa Windows yake na Linux ya seva ni vitu viwili tofauti. Na umeme ukikatika, Docker nayo inakatika.

Mwalimu wa Kompyuta:

Ndugu zangu, nimetengeneza sistimu ndogo ya kufuatilia ada hapa shuleni kwetu, PHP ya kawaida tu bila fremuwaki, kwenye laptopu inafanya kila kitu, wazazi wanalipa mhasibu anaingiza risiti inatoka. Mkuu wa shule kaipenda akanunua domeni na hostingi ya cPanel. Nimepandisha kila kitu kwenye public_html, nikifungua napata HTTP ERROR 500 basi. Nimewapigia watu wa hostingi wananiambia upande wao uko sawa. Logi ndiyo hii:

Invalid command 'php_value', perhaps misspelled or defined by a module not included in the server configuration

Bingwa wa Njia Fupi:

Weka ruhusa 777 kwenye public_html mwalimu.

Fundi Logi:

Bingwa wewe ni hatari aisee. Hostingi nyingi za cPanel zikikuta skripti inaweza kuandikwa na yeyote zinakataa kuiendesha na zinatoa hiyohiyo 500, kwa hiyo umemwongezea kosa jipya juu ya la zamani na humo katikati umemwachia jirani yake mlango wazi. Folda 755, mafaili 644, tusirudie tena hili.

Mwalimu, kwa watu wa hostingi kweli kuko sawa, hilo ni faili lako la .htaccess, la maagizo kwa Apache. Kuna mstari humo unaanza na php_value, labda wa kuongeza saizi ya faili la kupandisha. Huo mstari unaeleweka pale PHP inapokaa ndani ya Apache yenyewe kama ilivyo XAMPP. Kwenye seva yako PHP inaendeshwa pembeni kwa FPM au CGI, Apache akikutana na php_value hajui ni mdudu gani, anagoma folda nzima. Ufute, halafu tengeneza faili linaitwa .user.ini palepale, andika upload_max_filesize = 20M na chini yake post_max_size = 25M. Ya pili iwe kubwa kuliko ya kwanza, maana ndiyo inayobeba fomu nzima. Ukiona haijabadilika usifadhaike, PHP inalisoma tena hilo faili kila baada ya sekunde 300, kanywe chai urudi.

Mwalimu wa Kompyuta:

500 imeondoka, nashukuru sana. Sasa imekuja hii: SQLSTATE[HY000] [1045] Access denied for user 'root'@'localhost' (using password: NO)

Mama Sistimu:

Nimsaidie hapa Fundi apumzike. Mwalimu soma hiyo meseji polepole, imekwambia kila kitu: umejitambulisha kama root, na hukutoa paswedi yoyote, hiyo ndiyo maana ya using password: NO. Yaani umepandisha config ileile ya XAMPP. Kwenye cPanel huna root, unatengeneza databesi na mtumiaji wake kwenye ukurasa wa MySQL Databases, na majina yote mawili yanatanguliwa na jina la akaunti yako. Kama akaunti ni shule na umeandika ada, jina kamili ni shule_ada, ndilo uliandike kwenye config. Halafu hatua ambayo kila mtu anairuka, shuka chini kwenye Add User To Database, waunganishe, weka tiki ALL PRIVILEGES. Usipowaunganisha namba inahama kutoka 1045 kwenda 1044. Ya kwanza ni jina au paswedi kukataliwa, ya pili umetambulika vizuri ila databesi hiyo hujapewa.

Mwalimu wa Kompyuta:

Dada umenisomea kama uko hapa nilipo, nilipata 1044 kweli nikakumbuka maneno yako nikaunganisha. Imefunguka ukurasa wa kuingilia! Lakini nikiingia: Failed to open stream: No such file or directory, inataja includes/Kazi.php. Faili lipo, naliona kwa macho kwenye File Manager.

Mama Sistimu:

Lipo kwa herufi gani?

Mwalimu wa Kompyuta:

kazi.php.

Mama Sistimu:

Basi halipo, kwa Linux hayo ni mafaili mawili tofauti. Windows haijali herufi kubwa na ndogo ndio maana hukuliona hili kwenye laptopu. Pitia require na include zako zote, na majina ya picha, na uwe tayari kwa meza pia, kwa sababu MySQL ya Windows inageuza majina ya meza kuwa herufi ndogo na ya Linux inayaacha ulivyoandika. Ukiandika SELECT * FROM Wanafunzi na meza imeingia kama wanafunzi utaambiwa 1146 Table doesn't exist. Mimi nilishaamua, kila kitu herufi ndogo na mstari wa chini katikati, mambo ya kujisumbua nimeacha.

Mwalimu wa Kompyuta:

Ilikuwa hivyohivyo na meza tatu. Samahani nawachosha, hii ndiyo ya mwisho naamini. Mhasibu akiingiza paswedi sahihi hapelekwi kwenye dashibodi, inatoka hii:

Warning: Cannot modify header information - headers already sent by (output started at /home/shule/public_html/includes/config.php:1)

Nimefungua config.php mstari wa kwanza ni <?php tu, hakuna nafasi wala kitu chochote kabla yake. Na kwenye laptopu faili hilihili linafanya kazi. Hapa ndipo nimeishiwa.

Fundi Logi:

Hili nimerudi kwa ajili yake maana ndilo linalotesa watu kuliko yote. Ukiona inataja mstari wa 1, na kwa macho mstari wa 1 ni msafi, kuna baiti tatu zisizoonekana mwanzoni mwa faili zinaitwa BOM, zinawekwa na baadhi ya programu za kuandikia, hasa Notepad ya zamani. PHP ikifika hapo inazituma kwa brauza kama maandishi ya kawaida. Ukishatuma hata herufi moja vichwa vya HTTP vimeshaondoka, na header('Location: dashibodi.php') yako inakuta gari limeshatoka stendi.

Kwa nini kwenye laptopu inakubali? php.ini ya XAMPP ina mstari output_buffering=4096, inashikilia baiti 4096 za kwanza kabla ya kutuma, kwa hiyo kosa linafichwa. Kwenye seva yako hiyo thamani inaelekea ni 0. Wengine watakwambia uiwashe na huko kwenye seva au uweke ob_start() juu ya kila faili, itafanya kazi ila umefukia tu.

Fungua faili kwa VS Code, angalia chini kulia, nina uhakika imeandikwa UTF-8 with BOM. Bofya hapo, chagua Save with Encoding, halafu UTF-8. Fanya kwa mafaili yote ya includes. Na ukiwa humo, mwisho wa kila faili ambalo ni PHP tupu futa ile alama ya ?>, haihitajiki, na mara nyingi baada yake kuna mistari mitupu inayoleta kosa hilihili.

Mwalimu wa Kompyuta:

UTF-8 with BOM, mafaili mawili. Mhasibu yuko ndani anaingiza ada za kidato cha pili. Mungu awabariki.

Msee wa Tu Jioni:

Niaje wazito, salamu kutoka Kenya. Yangu ni VPS (seva ya kukodi) ya Ubuntu na Nginx, Laravel. Nilikuwa 22.04 nikaapgredi hadi 24.04, tangu hapo ni 502 Bad Gateway tu. Logi inasema connect() to unix:/run/php/php8.1-fpm.sock failed (2: No such file or directory) while connecting to upstream

Fundi Logi:

Karibu boss. 22.04 inakuja na PHP 8.1, 24.04 inakuja na 8.3, kwa hiyo soketi ya 8.1 (faili ambalo Nginx anaongelea na PHP) haipo tena lakini Nginx bado anaitafuta. Piga ls /run/php/ uone iliyopo, kisha kwenye faili la saiti yako ndani ya /etc/nginx/sites-available badili fastcgi_pass iwe php8.3-fpm.sock, piga nginx -t kwanza, ikisema iko sawa ndio systemctl reload nginx. Ukiikuta /run/php iko tupu, weka php8.3-fpm pamoja na ekstensheni zako, php8.3-mysql, mbstring, xml, curl, zip, haziji zenyewe.

Msee wa Tu Jioni:

502 imeisha, imekuja 500, laravel.log haiandikiwi kitu. Kwa ukurasa inasema hiyo laravel.log could not be opened in append mode: Permission denied.

Fundi Logi:

Uliendesha php artisan (amri za Laravel) ukiwa root siyo? Basi logi imetengenezwa ikiwa mali ya root, na PHP inayohudumia saiti inaingia kama www-data, haiwezi kuigusa. chown -R www-data:www-data storage bootstrap/cache, na kuanzia leo artisan ipige kwa sudo -u www-data. Halafu kama uliwahi kupiga config:cache, ukibadili .env hutaona badiliko lolote mpaka upige tena, na mahali popote ulipoita env() nje ya folda ya config utapata null.

Msee wa Tu Jioni:

Imeshika. Ya mwisho, composer install (ya kuvuta maktaba za PHP) inaandika Killed tu inatoka, hakuna sababu.

Mpita Njia:

RAM hiyo. VPS ya 1GB? Angalia dmesg utaona Out of memory. Tengeneza swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM): fallocate -l 2G /swapfile, chmod 600 /swapfile, mkswap /swapfile, swapon /swapfile, rudia. Na uwe unapanda na composer.lock yako, usipige composer update kwenye seva, hiyo ndiyo inayokula RAM na ndiyo inayokuletea matoleo ambayo hujawahi kuyajaribu.

Dada wa Malipo:

Mimi naunganisha malipo ya simu, ile ya kumtumia mteja ombi aweke PIN. Nikituma ombi kutoka XAMPP napata cURL error 60: SSL certificate problem: unable to get local issuer certificate. Kuna mahali nimesoma niweke CURLOPT_SSL_VERIFYPEER iwe false, nimeweka ikakubali. Lakini majibu ya malipo hayarudi, nimewapa callback (anwani ya kurudishia majibu) http://localhost/lipa/jibu.php

Fundi Logi:

Dada hiyo false itoe leo, hasa kwenye pesa. Ukiiweka umemwambia cURL amwamini yeyote atakayeitika kwa jina la kampuni ya malipo, na funguo zako za siri unampa yeye. Kosa lenyewe ni kwamba PHP yako ya Windows haina orodha ya mamlaka za vyeti. Pakua cacert.pem kutoka curl.se, iweke mahali kama C:\xampp\php\extras\ssl, kwenye php.ini andika curl.cainfo na openssl.cafile zielekee hapo, zima washa Apache.

Callback sasa. Seva yao ikisoma localhost inajiona yenyewe, siyo laptopu yako. Ukiwa unajaribu tumia ngrok au cloudflared, inakupa anwani ya https inayofika mpaka kwenye mashine yako, hiyo ndiyo uwape. Na ikifika usitafute kwenye $_POST, utaikuta tupu udhani haijaja, kwa sababu wengi wanatuma JSON na $_POST inajazwa na fomu za kawaida tu. Soma file_get_contents('php://input'), iandike yote kwenye faili kabla hujafanya lolote, ndipo uichambue. Ukiwa na Laravel ukaona 419, hiyo ni CSRF (ukaguzi dhidi ya fomu bandia), iondoe njia hiyo kwenye ukaguzi au iweke kwenye routes/api.php.

Mrithi:

Wakuu nimeajiriwa mahali nikarithi sistimu ya zamani, aliyeitengeneza hapatikani kwenye simu. Hostingi wamepandisha PHP kwenda 8 sasa ni Call to undefined function mysql_connect(). Nikirudisha toleo la nyuma kwenye MultiPHP Manager inafunguka. Niiache tu hivyo?

Mama Sistimu:

Irudishe leo watu wafanye kazi, ila anza kuihamisha. Zile mysql_ zote zilitolewa kwenye PHP 7.0 mwishoni mwa 2015, na PHP 5.6, ya mwisho kuwa nazo, iliacha kupata marekebisho ya usalama mwisho wa 2018, kwa hiyo hapo uko barazani bila mlango. Usifanye tafuta-na-badili ya kuongeza i peke yake, mysqli_query inataka muunganisho uje kwanza ndipo swali, tofauti na ya zamani. mysql_result haina mwenzake kabisa. Na kuanzia 8.1 mysqli ikikosea inarusha eksepsheni, zile or die(mysql_error()) ambazo najua zimejaa humo hazitafikiwa. Ukikuta maswali yameunganishwa na $_GET moja kwa moja, nenda PDO na prepare (njia salama ya kutuma maswali kwa databesi) kabisa ukiwa umeshafungua hilo faili.

Mwalimu wa Kompyuta:

Nimerudi tena jamani. Kila kitu kinakwenda ila risiti zinatoka na saa ya nyuma, mzazi kalipa saa 4 asubuhi risiti inasema 07:00, na waliolipa usiku sana zinaingia tarehe ya jana, mhasibu hesabu zake za siku hazifungi.

Fundi Logi:

Saa tatu kamili, seva iko UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu. Kwenye config.php juu weka date_default_timezone_set('Africa/Dar_es_Salaam');. Hiyo ni ya PHP tu, MySQL ana saa yake, kama unatumia NOW() au CURRENT_TIMESTAMP basi mara baada ya kuunganisha tuma SET time_zone = '+03:00'. Sisi hatubadilishi saa kiangazi na masika kama Ulaya kwa hiyo hiyo namba haitakusumbua. Na kwenye laptopu angalia php.ini ya XAMPP, inakuja na Europe/Berlin.

Risiti za zamani usizibadili zote kwa mpigo. Angalia kwanza safu ni DATETIME au TIMESTAMP. Kama ni TIMESTAMP aliyoijaza MySQL mwenyewe kwa NOW() au CURRENT_TIMESTAMP, ukishaweka huo mstari zitaonekana sahihi zenyewe. Kama ni DATETIME, chukua bekapu, ongeza saa tatu kwa zile zilizoingia tangu mpande kwenye seva tu, zile ulizoleta kutoka kwenye laptopu zina saa nyingine.

Mwalimu wa Kompyuta:

Ni DATETIME. Nachukua dump sasa hivi kabla sijagusa.